Jibu: Muziki wa kufungulia tamthilia mpya ya anga, uimbwe au upigwe tu?

Ndugu yangu, umeuliza kama tamthilia mpya ya safari za anga ifunguliwe kwa wimbo wa maneno au kwa ala tupu. Miye nataka ala tupu. Maneno huchuja upesi, kufika kipindi cha nne mtu keshashika rimoti. Enterprise, ile Star Trek ya 2001, ilifungua kwa wimbo wa kuimbwa na mashabiki walilalamika kwelikweli. Halafu kwetu Unguja si jambo geni: taarab ya asili hufunguliwa kwa bashraf, haimbi mtu, fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) zinakuweka sawa kwanza.

Ninachoomba zaidi ni sauti ngeni. Hizi okestra za matarumbeta zimetuchosha, wallahi. Mwaka 1963 Delia Derbyshire wa BBC aliuchukua utunzi wa Ron Grainer wa kufungulia Doctor Who, tamthilia ya Kiingereza ya safari za anga na wakati, akaujenga kwa kurekodi sauti mojamoja, akikata kanda na kuziunganisha kwa mkono. Ukiusikia leo bado unatisha.

Sasa fikiria mtu afanye hivyo kwa kanuni yetu! Ina vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti, inafika mahali ambapo kinanda cha kawaida hakifiki. Irekodi, ivute polepole kwenye kompyuta, uone kama hutosikia sayari nyengine. (Ngoma za kishindo wasitie, tafadhali.)

Urefu? Dakika moja inatosha. Wewe ungempa nani kazi hiyo?