Mkubwa wangu naye alirudia kukojoa kitandani mdogo alipozaliwa, haya ndiyo yaliyonikuta

Mleta mada, pole na hongera kwa mpigo. Nimeukuta uzi wako usiku huu nikiwa macho kwa sababu zangu (mtoto wangu wa tatu ana miezi kumi na moja, anaota meno), na kwa kuwa majibu mengi hapo juu yanazunguka kwenye fimbo nikaona na mimi niseme langu. Umesema kijana wako ana miaka minne, alishaacha kukojoa kitandani kitambo, na tangu mdogo wake azaliwe miezi minne iliyopita amerudia. Anataka abebwe, anaongea kitoto, na juzi kamfinya mdogo wake hadi alama ikabaki. Mama mkwe anasema umchape. Shoga yako anasema umpeleke kwa bibi yake kijijini hadi mdogo achangamke.

Mimi yote mawili nimeyafanya. Nilichapa, na kijijini nikapeleka.

Lakini kabla sijafika huko, mpeleke akapimwe mkojo. Hilo niliambiwa na nesi wa kliniki siku nilipompeleka mdogo chanjo ya wiki ya 14, nikiwa namlalamikia mkubwa kama ninavyokuona wewe. Alinikatiza: mtoto aliyekuwa ameacha kisha akarudia, usianze kusema ni wivu, hakikisha kwanza hana maambukizi ya njia ya mkojo, na uliza choo chake kikoje. Kumbe choo kikiwa kigumu kinakandamiza kibofu. Wangu mkojo ulikuwa safi, ila choo ndiyo kilikuwa shida, na mimi mama yake nilikuwa sijui ana siku ngapi hajaenda, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye rangi ya kinyesi cha mdogo. Tukaongeza papai, mboga za majani na maji ya kunywa mchana. Ilisaidia kiasi, haikumaliza. Kwa upande wa godoro, lile makintoshi ulilokwenda nalo kujifungua, kama bado unalo, lioshe ulitandike chini ya shuka. Godoro likiwa kavu na wewe hasira za saa kumi alfajiri zinapungua.

Sasa hadithi yenyewe. Nina watatu: binti wa miaka minane, wa kiume wa minne na nusu, na huyu wa meno. Ninayosimulia ni ya mwaka 2021, alipozaliwa wa pili. Binti alikuwa anakaribia miaka minne. Tulikuwa Tabata, chumba na sebule, mimi keshia kwenye duka la jumla Kariakoo, mume wangu dereva wa lori la masafa, Dar kwenda Tunduma. Akiondoka ni wiki mbili, foleni ya mpakani ikikaza ni tatu.

Siku arobaini zile wageni hawakukatika. Huyu na kanga, huyu na sabuni na nepi, huyu na kuku wa supu. Mgeni akifika mlangoni anauliza, "Hongera jamani, mtoto yuko wapi?" Binti yangu ananyoosha mkono: "Mimi hapa." Tunacheka wote, mgeni anampita anaingia chumbani. Alifanya hivyo kwa wageni wanne watano hivi, kisha akaacha kujibu. Mimi nikasema amezoea.

Na kuanzia wiki ile hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Alikuwa "dada". Dada lete nepi. Dada usipige kelele, mtoto kalala. Dada mkubwa halii. Tuliona tunampa cheo. Likumbukeni hilo neno, nitalirudia.

Likizo yangu ilikuwa siku 84, ile ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (ukijifungua mapacha ni 100). Baba naye wakati huo alikuwa na siku zake tatu kisheria, wangu zilimkuta Makambako. Nikarudi kazini mtoto hajafika hata miezi mitatu. Kwa walioajiriwa niseme hili maana wengi hatulijui: sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Tatizo ni nani atoke Kariakoo, afike Tabata, anyonyeshe, arudi, ndani ya masaa mawili, na foleni ya Buguruni ile? Nikamwomba bosi anihesabie masaa yangu mwisho wa siku, nikawa natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Alinuna wiki nzima lakini alikubali.

Mdogo alipofika miezi mitano ndipo lilipotokea lile la karanga. Ilikuwa Jumapili, dada wa kazi yuko mapumziko, mimi nasonga ugali. Nikapaza sauti, "Dada, mwangalie mtoto." Mtoto akaanza kulia. Binti alikuwa na kibakuli chake cha karanga za kukaanga. Nikasikia kilio kimekatika katikati, na ule ukimya ndio uliondoa mwiko mkononi mwangu. Nilimkuta mdogo macho yamemtoka, mdomo wazi, hakuna sauti, midomo inaanza kubadilika rangi. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, nikampiga mgongoni sijui mara ngapi, karanga ikatoka na ute. Akalia. Nikageuka nikamzaba binti kofi la nguvu zangu zote.

Hakulia. Alishika shavu akasema, "Alikuwa na njaa."

Kofi lile ninalo mpaka leo. Nilimwambia amwangalie mtoto, naye akamwangalia kwa kadiri ya akili ya miaka minne. Aliyempa kazi ya mtu mzima ni mimi.

(Mbinu yenyewe nilikuja kufundishwa vizuri baadaye, na kila mama aijue. Mtoto chini ya mwaka mmoja akipaliwa na kitu, hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi kwenye paja, kichwa kiwe chini kuliko mwili, umeshikilia taya, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Haijatoka, mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu, bonyeza mara tano. Unarudia huku mtu mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Usipekue koo kwa kidole kama kitu hukioni, utakisukuma ndani. Na karanga nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitano, hata huyo mkubwa wangu hakupaswa kuwa nazo.)

Wiki ile nilisema nimeshindwa. Alikuwa anakojoa kila usiku, anamnyang'anya mdogo kila anachoshika, na mimi kila nikimwangalia naiona karanga. Nikampigia mama yangu Muheza, akasema mlete. Tukapanda basi stendi ya Mbezi, mtoto amefurahi, anauliza magari yote. Tumeshapita Segera, tunaingia Hale, akaniuliza, "Mtoto naye atakuja lini kwa bibi?" Nikamwambia mtoto anabaki nyumbani. Akanyamaza hadi Muheza.

Nilimwacha asubuhi ya pili akiwa bado amelala. Wanasema usimuage, atalia. Jamani, hilo kosa msilirudie. Mama alinisimulia baadaye kwamba alizunguka michungwa yote ya uani akinitafuta, akidhani tunacheza kujificha.

Nyumbani Tabata kulitulia. Shuka kavu, mdogo analala, mimi najisifia kwa mashoga kwamba dawa nimeipata. Miezi miwili. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta amenenepa, anajua kuchuma machungwa kwa ufito, na mkojo wa kitandani mama anasema ni mara mojamoja tu. Nilifurahi kwa dakika kama tano. Kisha nikasikia anamwita bibi yake "mama", kama wadogo zangu wanavyomwita pale nyumbani. Sawa, nikasema, kaiga. Mimi akaniita kwa jina langu, lilelile analoniita mama. Jioni yake akaja kuniuliza kwa adabu kabisa, "Wewe unarudi kwenu lini?"

Usiku mama akaniita kibarazani. Akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu kaniambia neno. Siku alizofika nilikuwa namwita dada njoo, dada njoo, haji. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, 'Mimi siyo dada. Dada ni yule anayefua nepi.'"

Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Mimi sikuweza. Kwetu nyumbani "dada" alikuwa mmoja tu tangu binti anapata akili: dada wa kazi. Yule anayefua, anayeosha vyombo, anayelala baada ya wote, na ambaye kila baada ya miezi kadhaa anafunga begi anaondoka anakuja mwingine anayeitwa dada vilevile. Sisi tulikuwa tunampandisha cheo, yeye anasikia amehamishiwa jikoni. Tena mwishowe kweli tukamfungia begi, akasafirishwa. Ungekuwa wewe usingekojoa kitandani?

Tuliporudi Dar kitu cha kwanza kilikuwa jina. Nikaitangazia nyumba nzima, na mume wangu kwa simu: mtoto huyu ana jina, aitwe hilo. Na yule dada wa kazi naye nikaanza kumwita kwa jina lake, ambalo kwa aibu niseme ilibidi nifikirie kidogo ndipo nilikumbuke. Mdogo atakapoweza kuongea atamwita dada yake mwenyewe apendavyo, sisi wazazi haituhusu.

La pili ni genge. Kila siku nikifika kutoka kazini nilikuwa napitiliza kwenye kunyonyesha. Nikaendelea hivyo, mtoto mdogo hasubiri, ila nikishamaliza namkabidhi kwa mwingine, tunatoka mimi na binti kwenda gengeni. Genge lenyewe liko hatua mia mbili. Tulikuwa tunatumia dakika arobaini, maana alikuwa anasimama kwenye kila mtaro, anasalimia kila paka. Nyanya anachagua yeye (nyingi mbovu, nilikula mbovu nyingi kipindi kile). Hatuzungumzii mtoto. Siku za mwanzo hakusema lolote la maana, wala sikumdodosa. Kama wiki ya tatu, amebeba kimfuko chake cha vitunguu, akasema mbele kule bila kunigeukia, "Kumbe ukinipeleka kwa bibi unarudi." Nikasimama kama nafunga kiatu.

Akitaka kubebwa nambeba. Hili ndugu zangu walinisema sana, eti nitamdekeza. Kilo kumi na sita hizo, mgongoni kwa kanga, majirani wanauliza, "Unabeba mzee?" Tunazunguka uani mara mbili, anashuka mwenyewe kwenda kucheza. Kumkatalia ndiko kulikokuwa kunachukua saa nzima ya vilio.

Kufinya hakukuisha, nisikudanganye. Nilichobadilisha ni kwamba sikuwaacha peke yao hata kidogo, na akinyanyua mkono naushika, namwambia "haumizwi mtu hapa", basi, hotuba hakuna. Usimwambie "unampenda mdogo wako", hujui kama anampenda. Wangu aliniambia hampendi, nikamjibu sawa, ila hafinywi. Mkojo nao ulipungua kidogokidogo, ukakata kama miezi miwili baadaye, ukarudi wiki alipoanza chekechea, ukakata tena.

Baba yao naye alikuwa na lake. Akitoka safari alizoea kuingia moja kwa moja kumnyanyua kichanga. Nilimwomba akipiga simu aongee na binti kabla yangu, na akifika amsalimie yeye kwanza. Alisahau mara mbili tatu, akazoea. Kuhusu mama mkwe wako, usibishane naye mbele ya mtoto. Wangu alipokuja na habari za fimbo nilimkabidhi ungo na mjukuu, nikamwomba amfundishe kuchambua mchele. Wakawa marafiki, fimbo ikasahaulika.

Kwa hiyo sisemi kwa bibi ni pabaya. Sasa wanakwenda Muheza kila Desemba, wote pamoja, wakijua siku ya kwenda na siku ya kurudi. Kubaya ni kumwondoa mmoja ili nyumba ipumue, naye anaona.

Huyu wa tatu alipozaliwa wageni walikuja vilevile na swali lao lilelile. Jirani mmoja kafika na beseni lake, "Mtoto yuko wapi jamani?" Binti alikuwa mlangoni anasuka mwanasesere. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Tupo watatu, unamtaka yupi?"

Nimeandika nanyonyesha, kwa kidole kimoja, makosa ya herufi mnisamehe. Mleta mada, kapime huo mkojo wiki hii, na majibu yakitoka rudi hapa utuambie.