Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu za Kujifunza Mashine ya Kupumulia

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watu wazima ya hospitali moja magharibi mwa Uganda. Mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipotufikia, tulifundishwa mashine ya kupumulia kwa siku mbili ukumbini, tukaonyeshwa picha ukutani na kufanya mtihani wa karatasi. Mashine zilipoletwa, wengi wetu tuliogopa hata kuzigusa. Sasa mganga mkuu ameniagiza niandae mafunzo ya siku tatu kwa wauguzi na maafisa tabibu wenzangu, ili mlipuko mwingine usitukute mikono mitupu. Nianze na lipi, na lipi niliache?

JIBU: Dada yangu, siku tatu hazimfanyi mtu kuwa bingwa wa wagonjwa mahututi, na ni vyema uwaambie wenzako hivyo asubuhi ya kwanza. Hata hivyo zinatosha kumwezesha muuguzi au afisa tabibu kumlinda mgonjwa aliyeunganishwa na mashine, kutambua mapema hali inapoharibika, na kumwita anayejua zaidi, mradi huyo wa kuitwa ajulikane kwa jina na nambari yake ya simu ibandikwe ukutani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta nchi yetu ina vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi, vingi vikiwa Kampala. Kwa hiyo mtaalamu wenu huenda akawa mtu wa kwenye simu, na mafunzo yapangwe kwa kulijua hilo.

Jambo hili lina historia inayotia moyo. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na polio iliyopooza misuli ya kupumua, na mashine zilizokuwapo hazikutosha hata kidogo. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo, wawekewe mrija, kisha wapewe hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Waliominya ni wanafunzi wa udaktari, kwa mamia, wakipokezana zamu usiku na mchana kwa muda wa wiki nyingi, na vifo vilishuka sana. Wanafunzi wale hawakuwa mabingwa. Walifundishwa kazi moja, wakaifanyia mazoezi mpaka mkono ukazoea, na nyuma yao alisimama mtaalamu.

Siku ya kwanza usiiguse mashine. Ifundishe oksijeni, kwa sababu katika korona wagonjwa wengi waliolazwa walihitaji oksijeni na uangalizi wa karibu, na ni wachache waliohitaji mashine. Kila mmoja ajue kusoma oksimita, kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na kuitilia shaka pale vidole vya mgonjwa vinapokuwa baridi. Aijue tofauti kati ya mirija ya puani na barakoa yenye mfuko, na aweze kumsaidia mgonjwa mwenye fahamu kulala kifudifudi. Wafundishe pia kuhesabu mtungi: ule mkubwa wenye lita 6,800, ukitumika lita 10 kwa dakika, huisha baada ya saa kumi na moja na kidogo. Mtu asiyeifanya hesabu hiyo saa mbili usiku huenda akakuta mtungi ulioanza kutumika mchana ni mtupu kabla ya mapambazuko.

Siku ya pili ingieni kwenye mashine, na kitu cha kwanza mkononi kiwe futi ya kupimia ya fundi cherehani. Kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa kila pumzi hupangwa kwa urefu wa mgonjwa, wala si kwa uzito wake, kwa kuwa mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mpimeni akiwa amelala, kutoka utosini hadi kisiginoni. Kisha urefu huo ugeuzeni kuwa kilo za makadirio, zisizo za mizani: kwa mwanamke, toa 152.4 kwenye sentimita zake, zidisha kwa 0.91, kisha ongeza 45.5; kwa mwanamume, badala ya 45.5 ongeza 50. Mama wa sentimita 160 hupata kilo 52 na ushee, na kwa mililita 6 kwa kila kilo pumzi yake ni mililita 315 hivi. Akiwa na kilo 90 kwenye mizani, na mtu akatumia uzito huo, atamsukumia mililita 540, na mapafu yenye ugonjwa yatazidi kuumia. Hili si dogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 12 na mililita 6 kwa kila kilo hiyo ya makadirio, kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika vibaya, na vifo vikapungua kutoka karibu asilimia 40 hadi 31, bila dawa mpya wala mashine mpya.

Baada ya hapo ongeza vipimo viwili tu. Shinikizo linalosomwa pumzi inaposimamishwa kidogo mwishoni mwa kuingia lisizidi sentimita 30 za maji. Na lile linalobaki mapafuni mwishoni mwa kutoa pumzi, ambalo kwenye kioo huandikwa PEEP, lianzie 5, kisha kulipandisha kuamuliwe na mtaalamu. Majina mengi ya namna za upumulishaji yaache yote. Kila kiwanda kina majina yake, nayo huwachosha wanafunzi bila kumsaidia mgonjwa. Chagueni namna moja, kwenye mashine yenu wenyewe, na mirija yenu wenyewe.

Siku ya tatu nzima itumie kwa kengele, maana hapa ndipo watu huganda. Kengele inapolia na oksijeni ya mgonjwa inashuka, macho yaende kwa mgonjwa kwanza, yasiende kwenye kioo. Mchomoe kwenye mashine, mpe pumzi kwa mfuko wa mkono wenye oksijeni kamili, na tazama kama kifua kinapanda pande zote mbili. Akipata nafuu mara moja, kosa huenda liko kwenye mashine au mirija yake, au hewa ilikuwa imenasa mapafuni. Asipopata nafuu, mrija wa koo huenda umetoka mahali pake au umeingia upande mmoja, umezibwa na makohozi, au hewa imevujia kifuani na kuligandamiza pafu. Fanyeni zoezi hili wawili wawili, kwa mwanasesere au hata kwa mto, huku wewe ukizima umeme, ukikunja mrija au ukifunga mtungi bila kuwaambia. Rudieni mpaka mkono uufikie mfuko bila kuutafuta, na mfuko huo uwe umening'inia kichwani mwa kila kitanda.

Kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kufyonza makohozi, kusafisha kinywa na kumgeuza mgonjwa, wauguzi wanayajua kuliko sisi madaktari. Wakumbushe tu kwamba hayo nayo ni matibabu. Mwisho, omba nusu saa kila mwezi ya kurudia zoezi la kengele, mashine ikiwa imewashwa. Ujuzi wa mikono usiotumiwa hupotea upesi, na kwangu nusu saa hiyo ina thamani kuliko vyeti vya siku tatu.

SWALI: Daktari, mjomba wangu aliwekewa mashine mwaka 2021, akafariki siku ya tano. Hapa kijijini Busoga watu wanasema mashine ndiyo iliyowamaliza wagonjwa. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Mashine huwekewa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuelemewa, kwa hiyo wanaoifikia ni wale walio wagonjwa kupita wote, na wengi wao hufariki hata katika hospitali zilizo bora duniani. Mashine haiponyi korona. Humpa mgonjwa muda ili mwili na dawa vifanye kazi. Lakini nisikufiche: ikipangwa vibaya huumiza mapafu, kama nilivyomweleza dada hapo juu, na ndiyo sababu mafunzo yake yananihangaisha. Ikitokea tena ukaitwa kutia sahihi kwa ajili ya ndugu, una haki ya kumuuliza daktari kwa heshima kama oksijeni ya barakoa na kulala kifudifudi vimejaribiwa, nani atamwangalia mgonjwa usiku, na simu ya mtaalamu ni ipi endapo hali itabadilika.