Mbegu za Porini Hufia Njiani, Si Kwenye Friza

Wanaoanza kazi ya kuhifadhi mimea adimu huulizia friza kwanza. Kumbe friza ndiyo hatua nyepesi kuliko zote. Mbegu zinazogundulika zimekufa baada ya miaka mingi ya baridi mara nyingi ziliumia mapema zaidi, katika zile siku chache kati ya kuchumwa na kukaushwa.

Kabla hujachuma chochote, kata. Chukua mbegu 20 kutoka mimea tofauti, zipasue katikati kwa wembe, uzitazame kwa lenzi ya mkono. Mbegu nzima imejaa, ndani ni ngumu na kwa kawaida nyeupe. Nyingine utazikuta tupu, nyingine zimeliwa na funza wa fukusi. Ukipata mbovu 8 kati ya 20, basi shehena unayoihesabu kuwa mbegu 10,000 ina kama 6,000 tu. Ukikuta ute mfano wa maziwa, rudi baada ya wiki moja au mbili, kwa maana mbegu changa haivumilii kukaushwa.

Kisha usichume zote. Tusizidishe asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na zitoke kwenye mimea 50 au zaidi kama ipo, kila mmoja kwa kiasi kinacholingana. Kishawishi kikubwa ni ile mimea mitatu iliyozaa sana kando ya njia. Mifuko itajaa haraka, lakini utakuwa umehifadhi watoto wa mama watatu, si jamii nzima. Ingia kivulini, panda mwambani, chukua hata kwa mmea uliodumaa. Pale ambapo imebaki mimea michache sana, mbegu za kila mmea zikae kwenye mfuko wake.

Hapohapo kata tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, ulibane kati ya karatasi za gazeti, ulipe namba ileile ya mbegu. Badilisha karatasi kila siku mpaka likauke, la sivyo majani yanakuwa meusi kwa kuvu. Kielelezo hiki ndicho kitakachomwezesha mtaalamu kusahihisha jina la mmea hata miaka 30 baadaye. Kikikosekana, kosa la jina halirekebishiki kwa uhakika. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka ukilowa, na iwekwe nje na ndani ya mfuko: tarehe, latitudo na longitudo, mwinuko, idadi ya mimea iliyochumwa.

Mfuko wenyewe uwe wa kitambaa au karatasi. Plastiki hapana kabisa. Mbegu mbichi inapumua, hutoa joto na unyevu, na ndani ya plastiki vyote viwili hukosa pa kutokea. Gari lililofungwa juani nalo huua shehena nzima kwa mchana mmoja. Matunda yenye nyama yasafishwe mapema, kwa kuyasugua kwenye chekeche chini ya maji, kabla hayajaanza kuchacha.

Sasa ukaushaji. Jihadhari kwanza: si kila mbegu hukaushwa. Za mwembe, mkakao na mparachichi hufa zikikauka, na ndivyo zilivyo mbegu nyingi kubwa, zenye maji mengi, za miti ya misitu mibichi. Hizo zipandwe mara moja. Zinazostahimili hufuata kanuni ya Harrington: kila unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wa mbegu ghalani huongezeka takriban mara mbili. Ndiyo maana siku za kukausha zina thamani kuliko mashine yoyote ya baridi.

Chumba cha nyuzi 15 za Selsiasi chenye unyevu wa hewa wa asilimia 15 ndicho bora. Bila chumba, tumia mtungi wa kioo wenye mfuniko wa mpira, na jeli ya silika, yaani chembechembe zinazofyonza unyevu, yenye uzito sawa na mbegu. Jeli ikibadilika rangi, ibadilishe. Usikisie kwa kung'ata mbegu. Hamishia sampuli kwenye mtungi mkavu usio na jeli, weka kipimaunyevu kidogo ndani, ufunge, usubiri namba itulie. Pima unyevu wa hewa iliyozunguka mbegu kuliko asilimia ya maji ndani yake, kwa sababu mbegu zenye mafuta mengi hubeba maji machache na tarakimu zitakudanganya kwamba zimeshakauka.

Zikisoma asilimia 15 hivi, zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa na uziweke nyuzi 18 chini ya sifuri. Zikiingia zingali na unyevu, maji huganda kuwa vipande vya barafu vinavyopasua seli, na hapo hakuna dawa.

Siku ya kuzitoa kwa jaribio la uotaji, acha chombo kimefungwa mpaka kifikie joto la chumba, hata kama ni kungoja hadi kesho yake. Kukifungua kikiwa baridi, mvuke wa hewani hutua juu ya mbegu, na zile unazokusudia kuzirudisha frizani italazimu zikaushwe upya.