Pima Gari Kabla ya Kukata Tiketi

Maswali ya wasomaji kwa Mjomba wa Safari

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tunaishi Leeds, na sote pamoja na watoto tuna pasipoti za Tanzania. Mwezi wa nane tunataka kwenda Rotterdam kwa dada yangu, siku kumi. Tumeshaweka oda ya kukodi gari-nyumba, hii kempa ya kulala watu wanne, na karatasi zake zinasema urefu ni mita 6.9. Nilipoulizia meli ya usiku kutoka Hull, bei ilikuja karibu mara mbili ya ile aliyolipa jirani yangu mwenye gari dogo. Juu ya hapo wananilazimisha kuchukua kabini, na mimi nina vitanda vinne ndani ya gari! Rafiki yangu mmoja ananiambia niandike mita 6 tu, kwamba hakuna anayepima. Mwingine anasema twende zetu Dover, huko ni rahisi. Watoto wana miaka 9 na 4. Tufanye nini?
Mama Wawili, Leeds

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, maana umeuliza swali moja lakini ndani yake mna manne.

Nianze na huyo rafiki wa mita 6. Usimsikilize. Mwaka nilioacha kuendesha malori nilinunua kempa ya mita 5.99, nikakata tiketi ya gari la mita 6, moyo mweupe kabisa. Wiki ya safari mke wangu akataka tubebe baiskeli. Nikafunga keria nyuma, baiskeli mbili juu yake, tukaondoka. Bandarini kijana wa zamu akalitazama gari, akatazama mstari uliopakwa rangi chini, kisha akaja na futi. Mita 6.72. Ilikuwa Ijumaa jioni, meli imejaa, na nyuma yangu watu wanapiga honi. Nililipa pauni 74 papo hapo kwa sentimita 72 zilizozidi, na nusura tuachwe. Sikukusudia kumdanganya mtu, nilisahau tu kwamba keria nayo ni sehemu ya gari. Wewe unashauriwa ufanye hivyo kwa makusudi, mwezi wa nane, na watoto wawili wamekaa kiti cha nyuma. Wakikwambia meli haina nafasi ya mita 6.9, utalala wapi?

Kwa hiyo nenda pale mnapokodi na futi ndefu ya mafundi. Pima kutoka bampa ya mbele hadi kitu cha mwisho kabisa nyuma, iwe ni keria, ngazi au ndoano ya kuvutia trela. Kisha pima kimo, pamoja na dishi, kiyoyozi na boksi la mizigo vilivyo juu ya paa. Karatasi za kampuni mara nyingi hutaja gari lilivyotoka kiwandani, si lilivyo leo uani. Vipimo hivyo viandike uvibandike karibu na usukani, maana utavihitaji tena kila utakapofika kwenye daraja la chini.

Sasa, kwa nini bei yako ni karibu mara mbili. Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Pale mtu wa miguu anavuka bure, gari linalipa, na trela linalipa zaidi ya gari dogo. Nimekua nikiwasikia madereva wa malori wakibishana na mkata tiketi, kwamba lori ni tupu, halina hata gunia. Walijibiwa lilelile siku zote: uwe na mzigo usiwe nao, nafasi umeichukua. Huku Ulaya hesabu ni hiyohiyo, ila wameishusha mpaka kwenye sentimita.

Watu wa meli huhesabu mita za foleni. Chukua Stena Hollandica, meli ya kutoka Harwich, Uingereza, kwenda Hoek van Holland, Uholanzi, ambayo nimepanda nayo na lori mara nyingi. Ina urefu wa mita 240, na foleni zake zote za magari ukiziunga moja nyuma ya nyingine unapata kama kilomita 5 na nusu. Kila mita ya hizo inauzwa, na ukikalia 7 anakosa mwingine. Lakini urefu ni nusu ya habari. Magari madogo hupangwa kwenye sitaha zenye dari fupi, na meli nyingine zina sitaha za kuning'inia ambazo hushushwa ili magari yakae tabaka mbili pale ambapo lori moja lingesimama. Kempa yako, yenye kimo cha karibu mita 3, haiingii huko. Itaelekezwa upande wa malori, na ile nafasi ya juu yake haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine. Jirani yako alilipia mita 4 na kitu chini ya dari fupi. Wewe unalipia mita 6.9 chini ya dari refu. Nilipouelewa ukweli huu, nikiwa bado dereva, niliacha kukasirikia bei za meli.

Na hapa ndipo penye akiba kwa wanaonisoma ambao bado hawajakodi wala kununua. Kampuni nyingi za meli zina mpaka wa urefu, na mita 6 ni mmojawapo unaokutana nao sana. Ndiyo maana waundaji wanatengeneza magari ya sentimita 599. Kempa ndogo kama Volkswagen California, yenye urefu wa kama mita 5 na kimo chini kidogo ya mita 2, mara nyingi hupita kama gari la kawaida. Lakini wewe una watoto wawili, na sitakwambia mjibane kwenye kigari siku kumi ili kuokoa nauli ya usiku mmoja.

Kabini. Uchungu wako naujua, mke wangu naye aliulalamikia. Vitanda vyako viko chini, vimetandikwa, na wewe unalipia vitanda vingine juu. Lakini kwenye meli hizi za Bahari ya Kaskazini, ikishang'oa nanga hakuna abiria anayebaki sitaha ya magari. Milango inafungwa. Kule chini ukitokea moto au maji, mtu aliyelala ndani ya gari lake hana pa kutokea, na mabaharia hawatajua kama yumo. Kati ya Italia na Ugiriki zipo meli zinazoruhusu watu walale kwenye kempa zao miezi ya joto, kwenye sitaha iliyo wazi, na hiyo ni safari nyingine. Hull kwenda Europoort, bandari ya Rotterdam, ni usiku mzima, muda wa saa kama 11 hadi 12, na kabini ni lazima. Ihesabu kama hoteli ya watu wanne na moyo wako utatulia.

Dover, basi. Kutoka Dover hadi Calais ni dakika 90 tu na meli ni nyingi, kwa hiyo ni kweli tiketi huwa ya chini. Ila wewe hukai Kent, mkoa wa Dover, unakaa Leeds. Nimekupigia hesabu. Kwenda Dover ni kama kilomita 430, na kutoka Calais hadi Rotterdam ni kama 300. Jumla 730. Kupitia Hull, una kilomita 95 upande huu na kama 40 upande wa pili, jumla 135. Tofauti ni kilomita 595. Kempa ya ukubwa wako inakunywa lita 11 hivi kwa kilomita 100, basi ni lita 65. Dizeli ikiwa pauni 1.40 kwa lita, umechoma pauni 91 kwenda, na 91 nyingine kurudi. Hujala, hujampumzisha dereva, na watoto wameshinda wamefungwa mikanda. Tiketi ya Dover isipokuwa pungufu kwa zaidi ya pauni 200 kwenda na kurudi, mimi singeenda Dover.

Njia ambayo ningeitazama kwanza kama ni mimi ni Harwich, meli ya mchana. Kutoka Leeds ni kama kilomita 350, na ukishuka Hoek van Holland unabakiwa na kama 30 kufika Rotterdam. Mchana hawakulazimishi kabini. Safari huchukua muda wa saa kama 7, watoto wanacheza, wewe unanyoosha miguu. Kwa kuwa meli huondoka asubuhi, mtatoka Leeds siku moja kabla, mlale kwenye kambi ya kempa karibu na bandari. Hapo vile vitanda vinne unavyovililia vitafanya kazi yake. Ukilinganisha na Hull, dizeli inazidi kwa pauni kama 38 kwa upande mmoja. Weka tarehe zako kwenye njia zote tatu, na kipimo cha kweli, uone. Jaribu pia Jumanne na Jumatano badala ya Ijumaa. Gari langu lilelile, watu wawili na kabini, mwezi wa tano nililipa pauni 468 kwenda na kurudi. Nilipouliza mwezi wa nane nikatajiwa 731. Wewe una watoto wa shule, najua Mei huiwezi, ila hata ndani ya Agosti siku hazifanani.

Nimekuja kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Visa. Pasipoti ya Tanzania, hata ukiwa na kibali cha kuishi Uingereza, inahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kuingia Uholanzi. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwenu ni euro 225, kabla ya malipo ya kituo kinachopokea maombi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Omba ya Uholanzi, hata kama mtaingilia Calais, maana ndiko mnakokwenda kukaa. Miadi ya karibu na likizo za shule huisha mapema mno. Nimepokea barua za familia tatu, safari hizi, zilizokata tiketi ya bei ya chini isiyorudishwa, kisha visa ikachelewa, pesa yote ikapotea. Kwenye maombi wanataka kuona mpango wa safari, kwa hiyo kata tiketi inayobadilishika au inayorudishwa, hata kama inazidi kwa pauni 40. Kwenu ninyi hiyo ndiyo tiketi ya bei nafuu.

Kwa kuwa gari ni la kukodi, waombe wenyewe kwa maandishi ruhusa ya kulivusha, bima inayofanya kazi Ulaya, na cheti kiitwacho VE103, ambacho ndicho cha kuonyesha kwamba gari la kukodi limetoka Uingereza kwa halali. Uliza wanakitoza kiasi gani. Kibandiko cha nyuma kiwe UK. Kile cha GB hakitumiki tangu Septemba 2021.

Mwisho nikuulize kama ambavyo ningemuuliza mwanangu. Dada yako ana nyumba Rotterdam? Kama mtalala kwake siku zote kumi, rudisheni kempa mkiwa bado mnaweza, mvuke na gari dogo. Kuegesha gari la mita 6.9 mjini Rotterdam ni gharama na mateso, na Uholanzi kulala ndani ya gari barabarani ni kosa. Lakini kama mna nia ya kuwapeleka watoto pwani ya Zeeland, au kuwaonyesha vile vinu 19 vya upepo vya Kinderdijk, mkilala kwenye kambi siku nne au tano, basi ichukueni kempa na nauli yake mlipe bila kinyongo. Muulize dada kwanza. Huenda ameshatandika.

SWALI: Mjomba, kempa ni yangu mwenyewe na nakwenda Calais. Nikizima gesi kabla ya kupanda meli, friji nayo inazimika, na ndani nina nyama na maziwa ya wiki nzima. Nifanyeje?
Baba Watatu, Birmingham

JIBU: Gesi zima, ndugu yangu, na uizime kwenye mtungi wenyewe, si kwenye swichi ya jiko. Ukiamua kupita kwa treni ya chini ya bahari watakukagua mitungi, na gari linalotembea kwa gesi ya LPG halipandi kabisa, ingawa ya kupikia inaruhusiwa kwa kiasi walichoweka.

Friji isikusumbue. Ipoze vizuri usiku, usiifungue, dakika 90 haitahisi kitu. Cha kukusumbua ni hiyo nyama. Tangu Januari 2021 nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii nchi za Umoja wa Ulaya, hata viwe vya kula wewe na wanao. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa. Mengine kapike umalize kabla hujafika Dover, na ununue upya Calais. Mchele, sukari na majani ya chai pita navyo.