Sevo za eleroni kwenye ndege kubwa za rimoti: kilo zisikutangulie

Anayejenga ndege kubwa ya rimoti kwa mara ya kwanza huwa na swali moja tu akifika dukani: sevo hii ina kilo ngapi? Sevo ni mota ndogo yenye gia inayosogeza sehemu za ndege kwa amri ya rimoti, na kilo ni nguvu yake ya kuzungusha, ikihesabiwa sentimita moja kutoka katikati ya ekseli. Nami niliuliza hivyo hivyo nilipotafuta sevo za eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, za ndege yangu yenye mabawa ya mita 2.2 kutoka ncha hadi ncha. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinijibu, "Kaka, hii kilo 25, gia chuma tupu," nikalipa nikaondoka nimeridhika. Siku chache baadaye, nikiishusha ndege kwa kasi kule Kigamboni, nilisikia mvumo mzito kama wa nyuki waliochokozwa, na eleroni ya kushoto ikawa inatetema kiasi kwamba kingo zake hazionekani. Nilipunguza moto nikainua pua taratibu. Ndege ilitua kwa sababu kila eleroni ilikuwa na sevo yake, na ile ya kulia iliendelea kutii, lakini bawaba mbili za kushoto zilikuwa zimeng'oka kwenye mti.

Nilipoifungua ile sevo nilikuta gia moja kati ya zile za chuma ni ya plastiki, na meno yake yamelika. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokichunguza ni kama sevo inacheza, yaani imelegea. Iwashe, shika ncha ya mkono wake kwa vidole viwili, uitikise polepole. Tuseme fito ya kusukumia, inayounganisha mkono wa sevo na eleroni, inacheza nusu milimita, pembe ya eleroni, yaani kipande kilichosimama juu yake ambapo fito hushikia, ina urefu wa sentimita 3, na eleroni yenyewe ina upana wa sentimita 9: ukingo wake wa nyuma utacheza milimita 1.5. Mezani hilo ni jambo dogo, lakini ndege ikiwa kasini upepo huliona pengo hilo na kulitikisa mpaka kitu kikatike.

Kilo nazo zipimwe, zisisomwe kwenye boksi tu. Mimi hutumia mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki wa Feri. Nafunga sevo kwenye jiliwa, natundika ndoano sentimita 2.5 kutoka katikati ya ekseli, kisha naiamuru sevo ivute kwa muda mfupi tu, maana ikizuiwa kwa muda mrefu huungua. Sevo ya kilo 25 kwa sentimita ingepaswa kuvuta kilo 10 hapo. Ile ya kulia, pacha wa ile iliyoharibika, ilivuta kilo 6. Pima kwa volti zile zile utakazorukia, kwa sababu nguvu iliyoandikwa kwa volti 7.4 haipatikani kwa volti 6, na sevo ya volti 6 usiiunganishe na betri ya lithiamu ya seli mbili, ambayo ikijaa hufika volti 8.4.

Mahali ambapo wengi hupoteza nguvu waliyoinunua ni urefu wa mkono. Sevo ya kilo 20 yenye mkono wa sentimita 2 husukuma fito kwa kilo 10, na pembe ya sentimita 3 huipa eleroni kilo 30 kwa sentimita. Weka mkono wa sentimita 4 nayo itapata 15 tu. Kisha, kwa kuwa eleroni sasa inakwenda mno, mtu hupunguza mwendo kwenye rimoti hadi asilimia 50, akidhani amerekebisha, kumbe ametupa nusu ya nguvu na nusu ya usahihi. Mkono uwe mfupi, pembe iwe ndefu, na sevo iachwe itumie mwendo wake karibu wote.

Kabla ya kufunga mkono, washa rimoti, sevo isimame katikati, yaani kwenye ishara ya maikrosekunde 1500, ndipo uuvike ukiwa mraba (nyuzi 90) na fito. Usipokaa vizuri, ugeuze ujaribu jino jingine. Programu ya rimoti isahihishe kile kidogo tu kilichobaki. Angalia pia idadi ya meno ya ekseli, kwani Futaba hutumia 25 na Hitec 24, na mkono wa moja ukilazimishwa kwenye nyingine huharibu meno. Matundu ya pembe yawe sawa juu ya mstari wa bawaba, na viungo viwe vya gololi. Mimi huruhusu eleroni ipande zaidi ya inavyoshuka, ili pua isivutwe upande wa pili wa kona.

Waya wa kwenda bawani ni mrefu, kwa hiyo tumia geji 22, si ule mwembamba wa 26. Hapa Dar es Salaam hewa ya chumvi hugeuza pini za soketi kuwa za kijani na skrubu kuwa na kutu, hivyo nazifungua kila baada ya miezi michache nizisafishe. Asubuhi ya kurusha, kabla upepo wa baharini haujaamka, naweka sikio karibu na kila bawa huku nikisukuma fimbo ya rimoti hadi mwisho. Sevo ikinguruma pale mwishoni, kuna kitu kinaizuia, na ndege hairuki mpaka nikipate.