Jibu: Mayai ya kobe si ya kuku, usiyatie kwenye mashine

Ndugu yangu wa Mkoani, Pemba, nimeziona picha zako. Kobe jike mwenye mabaka kafukia mayai nyuma ya kisima, nawe unasema huna dume, na jirani anakushauri uyatie kwenye mashine ya kutotolea vifaranga au umpe kuku ayalalie. Mwambie ahsante, halafu usifanye. Mie nafuga kobe wa aina hiyo hapa Unguja kwa miaka, na vitoto vimezaliwa uani kwangu zaidi ya mara moja.

Mashine ya kuku huwekwa nyuzi 37 na nusu, tena inageuza mayai. Kuku mwenyewe naye hayaachi, kutwa anayageuza kwa mdomo. Yote mawili ni kifo. Kijusi cha kobe hujishika kwenye ganda upande wa juu mapema sana baada ya yai kutagwa. Ukiligeuza baada ya hapo unaweza kukiua. Kwa hiyo kabla hujanyanyua hata moja, fukua mchanga taratibu kwa vidole, chora alama ndogo ya penseli pale juu, kisha libebe vivyo hivyo. Alama ibaki juu mpaka mwisho. Kalamu ya wino usitumie, ganda lina vitundu vinavyopitisha hewa.

Chombo si lazima kiwe cha fahari. Kopo la plastiki la aiskrimu linatosha: tia mchanga uliochanganywa na udongo laini, unyevu wa kiasi kwamba ukiubana mkononi unashikana lakini hautoi maji. Zika kila yai nusu, nusu ibaki nje, funika kwa mfuniko wenye matundu machache. Ukianza kukauka, mwagia maji pembeni, si juu ya mayai. Joto liwe kati ya nyuzi 28 na 31, na kwetu chumba tu kinakupa hilo miezi mingi bila umeme. Shida ni kaskazi kwenye nyumba ya bati, mchana dari linachemka. Shusha kopo sakafuni, chumba cha upande wa kivuli. Kipupwe mayai huchelewa tu. Joto hilo ndilo linaloamua jinsia pia: likiwa juu hutoka majike zaidi, likiwa chini madume.

Aliyekwambia kwamba baada ya miezi miwili yatakuwa tayari anazungumzia kasa. Kobe wa mabaka huchukua miezi minne mpaka zaidi ya mwaka, kwa hiyo usiyatupe. Yai bovu lenyewe litakwambia kwa harufu. Na hilo la kwamba huna dume lisikuvunje moyo, maana jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miaka. Kama ulimpata akiwa mkubwa, huenda alishakutana na dume huko alikotoka.

Siku ya kutoka ndiyo watu wengi wanaharibu. Kitoto kinatoboa kwa kijino kidogo cha puani, halafu kinatulia, kichwa nje, macho yanapepesa, mchanga umegandia shavuni. Kinaweza kukaa hivyo siku nzima, hata mbili. Usikimenye. Tumboni bado kina kifuko cha kiini, na ukikipasua damu itatoka. Kikishatoka chenyewe, kiweke kwenye beseni lenye kitambaa chenye maji mpaka kifuko kimalizike.

Baada ya hapo ni maji ya vuguvugu kila siku, yasipite kidevu, dakika kumi na tano hivi. Kitoto kikikaa pakavu gamba linaota vilima. Chakula ni majani: ukoka, matembele, majani ya kunde. Mchicha mara moja moja, wali na mkate hapana. Mfupa mweupe wa dome tunaouokota pwani, usuuze, uparuze juu ya majani, gamba linapata chokaa. Jua la asubuhi lazima, lakini pawe na kivuli pa kujificha na wavu juu, maana kunguru hawa hawana haya, na usiku kuna panya na siafu. Watoto wa nyumbani wakishika, waoshe mikono kwa sabuni. Kobe hubeba vijidudu vya kuharisha hata akiwa mzima.

Walionitumia ujumbe kuulizia bei: siuzi. Na anayetaka kumvusha nje ya nchi ajue kobe wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, bila vibali ni kesi.