Kabla hujampa mtoto jina, kumbuka na wewe utaitwa hilohilo

Juzi kuna dada wa Kigamboni, mimba ya miezi saba, kanitumia meseji inboksi: "Dada Tusa naomba majina ya kisasa ya mtoto wa kiume ambayo hayajatumika, nataka la pekee, lisiwe la kishamba." Nlikua na krimu mpaka viwikoni, nikasoma nikacheka, afu nikanyamaza, maana hiyo meseji 2016 ningeweza kuiandika mimi.

Kwa wageni humu, mi napika keki nyumbani Tabata tangu 2014, na kila keki naandika jina. Kwahiyo sina takwimu za serikali ila nina daftari la oda, na hilo daftari ukilifungua ni kama unazunguka Tanzania nzima bila kupanda basi. Miaka ya mwanzo ilikua Prince, Princess, Junior, Glory, Brayani kwa herufi za kila aina. Wakaja akina Jayden na Ethan. Sahivi ni Liam, Aria, Inaya, Rayan, Ilham. Hata Zuri naandika, yaani neno letu wenyewe tumesubiri liende Marekani likapendwe huko ndo turudishiwe. Mwajuma, Sikudhani na Chausiku ninao, ila ni kwenye keki za "Hongera Bibi miaka 70", za mtoto wa mwaka mmoja sijawahi hata moja.

Ila sio kila mtu kaacha kwao. Wateja wangu wa Kilimanjaro wana yale majina ya Eli, yaani Mungu, Elinami, Elirehema, na wadogo zao wakaitwa Godlisten na Happiness, imani ni ileile wamebadili lugha tu. Kulwa na Doto ni ya Wasukuma na Wanyamwezi lakini Dar mapacha wa kabila lolote nawaandikia. Na Wahaya jamani, Wahaya ndo hawana mchezo. Kuna mama wa Sinza alitaka Kokushubira kwenye keki ya nusu kilo. Nikaanza na herufi kubwa za madoido, kufika "shu" niko ukingoni, nikakwangua, nikaanza tena, nikakwangua tena. Nikampigia, mama tuandike Koku tu? Akanijibu taratibu kabisa, "Koku wapo wengi, huyu ni Kokushubira." Nikaandika kwa herufi ndogo kama za risiti, lakini nlimheshimu yule mama, na moyoni niliumia kidogo na sababu nawaambia sasa hivi.

Jina langu ni Tusajigwe. Kinyakyusa, maana yake tumebarikiwa. Nimezaliwa Tukuyu nikaletwa Dar nikiwa darasa la tatu, na siku ya kwanza mwalimu kaita majina kafika kwangu kakwama, darasa zima likacheka, mpaka mapumziko nshakua Tusajiwe, wiki inaisha mi ni Jiwe. Jiwe mpaka la saba. Nlipoenda sekondari nikasema naitwa Tusa na nikifika nyumbani mama akiniita jina zima mbele ya wenzangu natamani ardhi ipasuke. Sasa mtu kama huyo akipata mimba unategemea atachagua nini?

Mume wangu ni Msukuma wa Magu. Mama mkwe aliomba mtoto aitwe Masanja, jina la marehemu baba mkwe. Nikakataa, nikasema Dar ukimwita mtu Masanja watu wanasubiri awachekeshe kama yule mchekeshaji wa kwenye tivii. Milembe pia nlikua nshalikataa kama angekua wa kike, kwao ni amani, jina zuri sana, ila hapa mjini ukilitamka mtu anafikiria Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Kwahiyo niko kitandani wodini, simu mkononi, nikapata Jayden. Nikaona nimevumbua! Mama mkwe kwenye simu akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata, afu akasema, "Haya mwanangu, ni lenu." Mpaka leo hajawahi kulitaja, anamwita Baba tu.

Kuvumbua kwenyewe sasa. Marekani kuna idara ya serikali inatoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto, kumbukumbu zao zinarudi hadi 1880, na humo Jayden lilikua namba nne kwa wavulana 2010 na 2011. Mi nalipata 2016 kama jipya. Na hilo Liam mnalonigombania sasa ndo namba moja yao kuanzia 2017, msije kusema sikuwaambia.

Siku ya kwanza chekechea mwalimu kaita "Jayden!" wakasimama watatu. Nikacheka na wenzangu pale, yakaisha. Shida ikaja kwenye grupu la wasap la wazazi, maana uswahilini mtoto akishapata jina na wewe umelipata, hakuna anayekuita Tusa tena. Mama Jayden watatu watatofautishwaje? Mmoja akawa Mama Jayden wa Noah, kwa sababu ya gari. Wa pili Mama Jayden mwalimu. Wa tatu, na nimeiona kwa macho yangu kwenye simu ya mtu jina lilivyoseviwa, Mama Jayden mnene. Nimekimbia Jiwe nimekuja kua mnene. Sijasahau na sitasahau, na aliyenisevu hivo nlimpikia keki ya kipaimara kwa bei ya kujuana.

Afu herufi. Kadi ya kliniki imeandikwa Jeyden, cheti Jayden, fomu ya bima niliijaza mwenyewe nikiwa na usingizi nikaandika Jaiden. Siku mtoto anaumwa dirishani wakasema hawa ni watoto watatu. Nikatafuta wakili, hati ya kiapo, pesa ya keki tatu zimeenda kwa sababu ya "e", "a" na "i". Kwahiyo dada wa Kigamboni, jina utakalochagua liandike kwenye karatasi, mpe baba yake nakala, na kila fomu mnakili kutoka hapo. Una siku 90 za kusajili kizazi, usikimbilie kujaza jina ukiwa na uchungu wa mshono.

Na ulitamke kwa sauti. Simama mlangoni uite kama mtoto yuko kwa jirani, uite mara tatu. Bibi yake akishindwa kuliita hapo fikiria tena, mi naona watu tunachagua jina kwa ajili ya marafiki wa instagramu ambao hata pampasi hawatanunua. Hilo la kishamba unalolikimbia, umeuliza maana yake? Mwalimu Nyerere kabla hajabatizwa Julius alikua Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa sababu Butiama siku hiyo ilinyesha. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, Siti lilikuja ukubwani. Jina baya linabadilishika wanawake wenzangu, ila jina lisilo na habari yoyote ndani yake utambadilishia nini?

Mwezi wa nne mwaka jana nimejifungua wa pili, wa kike. Usiku wa mvua ile ya masika, Jangwani pamefungwa, bajaji imetuzimikia Tabata Relini na baba Jayden anasukuma maji yakimfika magotini. Safari hii sikushika simu. Nikamwambia mpigie mama muulize, kabla hajamaliza kueleza mama mkwe kasema Kabula, mtoto wa mvua, angekua wa kiume Mabula, na nikasikia vigelegele mpaka simu ikawa inakoroma. Jina la pili nikampa Tusajigwe. Herufi zote tisa.

Keki yake ya mwaka mmoja nimeandika mwenyewe, kilo mbili ili yaenee. Jayden kakaa pembeni analamba kijiko, akauliza na yeye alizaliwa mvua ikinyesha? Nikamwambia hapana, mwezi wa nane, jua kali na umeme umekatika. Akamuuliza baba yake jua kwa Kisukuma ni nini, akajibiwa limi. "Basi niiteni Limi." Baba yake akapaliwa na chai, maana kwao Limi ni jina la kike.